Saa Moja na Nusu Angani, Saa Tano Njiani



Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa ushirika wetu hapa Dar es Salaam alitujia jioni akilia. Mama yake mzazi alikuwa amefariki Mwanza, naye alikuwa na mimba ya miezi minane. Aliuliza kama ndege ingemdhuru mtoto. Tulimjibu upesi: "Ni saa moja na nusu tu, mama. Nenda." Kesho yake alizuiwa uwanjani kwa kuwa hakuwa na barua ya daktari. Hakuwahi mazishi. Kosa lilikuwa letu. Tulihesabu mwendo wa ndege, hatukuhesabu safari.

Tuhesabu basi pamoja. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 850, na ndege ya jeti huzimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100. Basi huchukua siku nzima na kuingia usiku. Lakini ndege ikiruka saa nne asubuhi, mama hutoka nyumbani saa moja kwa sababu ya foleni na ukaguzi. Hutua saa tano na nusu, na kupata mizigo yake saa sita. Jumla ni saa tano. Kwa hiyo fungasha nepi, maji na chakula cha saa tano.

Je, mjamzito apande kipi? Wengi wetu huogopa ndege na kuona basi ndilo salama kwa kuwa liko chini. Kwa mama mwenye afya njema na mimba isiyo na matatizo, ndege haimdhuru mtoto. La kuangalia zaidi ni kukaa. Kukaa kitini zaidi ya saa nne, iwe ndani ya basi au ndege, huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hasa kwa mjamzito na aliyejifungua karibuni. Basi linaposimama, shuka utembee. Usijinyime maji kwa kuogopa choo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikubana ghafla, wahi hospitali.

Kabla ya kulipa nauli, uliza masharti. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari mimba ikipita wiki 28, na hayampokei mwenye mimba ya mtoto mmoja ikipita wiki 36. Kwa pacha huwa mapema zaidi. Beba na kadi ya kliniki. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, seli mundu au dalili ya kutokwa damu amwone daktari kwanza, kwani ndani ya ndege oksijeni hupungua kidogo.

Mwenye mtoto mchanga, mnyonyeshe ndege inapoanza kushuka. Kumeza humpunguzia maumivu ya masikio.

Yule mama alijifungua salama mtoto wa kike, akampa jina la bibi yake. Siku hizi mama akituuliza Mwanza ni saa ngapi kwa ndege, tunamwuliza kwanza: "Mimba ina wiki ngapi?"