Mnunuzi wa trekta ahitaji kitabu mkononi, si kipeperushi cha muuzaji

KWA mkazi wa Mbagala, Chamazi, Bunju au Mabwepande mwenye shamba Mkuranga, Rufiji au Kilombero, trekta ni mali ghali kuliko zote atakazonunua baada ya nyumba. Hata hivyo, wengi huingia katika yadi ya muuzaji wakiwa na bei waliyoisikia kwa jirani na picha waliyotumiwa kwenye simu.

Ndiyo maana haja ya mwongozo wa kununua trekta, uliochapishwa kwa Kiswahili fasaha, si jambo la kubezwa. Wapo wanaodai kuwa zama za karatasi zimekwisha. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa bei, ambazo hubadilika kila dola inapopanda, lakini kwa mengine yote haina mashiko.

Historia ya karibuni inatosha kuonyesha hasara ya kununua gizani. Baada ya Serikali kuzindua Kilimo Kwanza mwaka 2009, India ilitoa mkopo wa dola za Marekani milioni 40, na matrekta zaidi ya 1,800 yakaletwa kupitia SUMA JKT. Wengi, wakiwamo wasiokuwa wakulima hasa, walijipatia matrekta kwa mkopo katika yadi ya Mwenge, Kinondoni. Miaka michache baadaye SUMA JKT ilikuwa ikihangaika kuwasaka wadaiwa sugu.

Si wote waliokuwa wakorofi. Tuseme rejesho la mwaka ni Sh milioni 12, kulima ekari moja ni Sh 60,000, na nusu ya fedha hizo inaishia kwenye dizeli, dereva na matengenezo. Mwenye trekta atalazimika kulima ekari 400 kwa mwaka ili alipe deni tu. Kwa ekari nane kwa siku, hizo ni siku 50 za kazi, bila mvua kukatiza wala kipuri kukatika. Hesabu hii inajaa nusu ukurasa, lakini ni nadra muuzaji kumwandikia mteja wake.

Ukaja mradi wa Ursus ya Poland, wa mkopo wa dola milioni 55 na lengo la matrekta 2,400 yaliyokuwa yaunganishwe TAMCO, Kibaha. Wakulima walilalamikia ubora na uhaba wa vipuri, kisha mwaka 2021 kampuni mama ikatangazwa kufilisika nchini Poland. Kwa aliyekwisha kulipa, swali la vipuri vitatoka wapi likawa zito kuliko bei aliyonunulia.

Udongo nao una lake. Trekta la nguvu farasi 50 linaloburuta jembe la sahani tatu bila taabu katika mchanga wa Mkuranga laweza kukwama kwenye udongo mfinyanzi uliolowa wa bonde la Rufiji. Pawatila, ambazo kazi yake hasa ni majaruba ya mpunga, zilipelekwa na halmashauri hadi kwenye ardhi kavu na ngumu, na nyingi zikaishia kuegeshwa. Mnunuzi wa trekta lililotumika naye anapaswa kujua kusoma mita ya saa, rangi ya moshi na namna mikono ya haidroliki inavyoshikilia mzigo injini ikizimwa.

Kwa nini basi karatasi? Kwa sababu trekta halinunuliwi na mtu mmoja. Mke au mume anatakiwa kuridhia, ndugu waliochangia wanataka kuelezwa, ofisa mikopo ana maswali yake, na fundi wa kijijini ana neno la mwisho. Kitabu hupita mikononi mwa wote hao, huandikwa pembeni kwa kalamu na husomeka shambani pasipo mtandao. La maana zaidi, ukurasa wake waweza kuwekwa mezani kwa muuzaji ajaze kwa mkono wake dhamana ni ya saa ngapi na vipuri viko wapi, kisha atie saini.

Swali gumu ni nani aandike. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska, Marekani, lilitunga sheria ya kuzuia trekta jipya kuuzwa kabla ya kupimwa, baada ya mbunge mkulima, Wilmot Crozier, kuuziwa matrekta mabovu. Sheria hiyo ilimtaka pia muuzaji awe na vipuri ndani ya jimbo. Vipimo vilianza mwaka 1920 katika chuo kikuu cha jimbo hilo, na ripoti zake zilichapishwa ili mkulima alinganishe mwenyewe.

Tanzania inayo CAMARTEC, kituo cha Arusha kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, ambacho kazi zake ni pamoja na kupima zana za kilimo. Vipimo hivyo vikiwekwa kwa lugha nyepesi, kazi kubwa ya mwongozo itakuwa imekamilika. Gharama za uchapaji zikiachiwa makampuni yanayouza matrekta, kitarudi kuwa kipeperushi kilekile, chenye kurasa nyingi zaidi.

Muda nao ni jambo la kuzingatia. Maonyesho ya Sabasaba, Temeke, hufanyika Julai, miezi mitatu hivi kabla ya mvua za vuli, wakati wanunuzi wengi wangali wakizunguka yadi kuuliza bei.