Chuma, Udongo na Maji: Askari Aijue Tabia ya Joto

Saa nane ya mchana, katika siku za Septemba ambapo mvua bado hazijakaza, askari aliye zamu Musaga huzungukwa na vitu vitatu: bati lililo juu ya kichwa chake, ukuta wa matofali ulio nyuma yake, na maji yaliyo katika chupa kiunoni mwake. Jua lililowaka tangu asubuhi ni moja. Hata hivyo bati haligusiki, ukuta una vuguvugu tu, na maji bado yanyweka. Akitazama magharibi, analiona Ziwa Tanganyika, ambalo nalo limepigwa na jua lile lile, limetulia kana kwamba halikuguswa.

Ndugu askari, jambo hili si la walimu wa sayansi peke yao. Ni jambo la uhai wako.

Katika karne ya 18, mtaalamu wa Uskochi aitwaye Joseph Black alionyesha kwamba kiasi cha joto kilichoingia katika kitu si sawa na ukali wa joto tunaoupima kwa kipimajoto. Kila kitu kina kadiri yake. Ili kilo 1 ya maji ipande digrii 1, yahitaji jouli 4,186 hivi. Kilo 1 ya mchanga mkavu yatosheka na 800 hivi, na ya chuma 450 tu. Kwa hiyo joto linalopandisha maji digrii 1 hupandisha chuma cha uzito ule ule digrii 9. Tena chuma hulipitisha joto upesi, ndiyo maana mtutu wa bunduki ulioachwa juani huchoma kiganja mara moja.

Hiyo ndiyo siri ya ziwa letu. Maji yake hupokea joto jingi bila kubadilika sana, na hulitoa polepole. Mchana nchi kavu hupata moto upesi, hewa yake hupanda, na upepo wa baridi hutoka ziwani kuja kwetu. Usiku nchi kavu hupoa kwanza, nao upepo hugeuka kuelekea ziwani. Askari wa Burundi waliokwenda kulinda amani Somalia kuanzia Desemba 2007 walikuta sheria hiyo hiyo Mogadishu: mchanga wenye kuunguza, na hatua chache tu mbele, bahari iliyo baridi.

Sasa tukitazame kibanda cha mlinzi. Bati lenye unene wa nusu milimita lina uzito wa kilo 4 hivi kwa kila mita 1 ya mraba. Ukuta wa matofali ya udongo wenye unene wa sentimita 20 una zaidi ya kilo 300 kwa eneo hilo hilo. Kuupandisha ukuta huo digrii 1 kunahitaji joto zaidi ya mara 100 ya lile linalohitajiwa na bati. Kibanda cha mabati matupu, basi, humpika mlinzi mchana, na alfajiri kimekwisha poa kabisa wakati yeye anapohitaji uvuguvugu. Kibanda cha matofali chenye dari huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Udongo tunao, na mafundi tunao. Ni kwa nini basi tuendelee kumfungia mlinzi katika sanduku la chuma?

Mwili wa binadamu nao una kadiri yake. Kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, mtu wa kilo 70 huhitaji jouli 245,000 hivi ili apande digrii 1. Hilo ni jambo la kheri, lakini lisitudanganye. Askari anayekwenda mbio na mzigo mgongoni anaweza kuzalisha joto la wati 500. Joto hilo likikosa njia ya kutoka, mwili hupanda digrii 1 kila dakika 8. Kutoka digrii 37 hadi 40, mahali pa hatari, ni chini ya nusu saa.

Wala tusidhani kwamba ni nchi za jua kali tu zenye hatari hiyo. Mwezi wa Julai 2013, askari 3 wa akiba wa Uingereza walipoteza maisha kwa sababu ya joto, baada ya mazoezi ya kutembea na mizigo katika milima ya Brecon Beacons, huko Wales. Hawakuuawa na adui.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, vibanda vya zamu vijengwe kwa matofali na kuwekewa dari. Pili, maji yahesabiwe kuwa ni zana, kama risasi zinavyohesabiwa: kikosi kisitoke kwenda mazoezini bila maji ya kunywa, na mengine ya kumpoza mtu. Tatu, kila kuruta afundishwe kumtambua mwenzake aliyezidiwa na joto: anayeyumba, anayesema maneno yasiyoeleweka, anayegombana bila sababu. Mtu huyo avuliwe mzigo na nguo nzito, atumbukizwe katika maji kichwa kikiwa juu, au amwagiwe maji mfululizo huku akipepewa. Maji huuondoa moto wa mwili kwa haraka mara nyingi kuliko hewa. Apozwe kwanza, ndipo apelekwe hospitali. Naye aliyezimia asinyweshwe kitu.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Lakini joto si ajali. Lina kanuni, nazo zinajulikana. Kamanda anayezijua kanuni hizo akazipuuza hawezi kulilaumu jua.