Digrii si kama ndizi za Mitunguu

Juzi nikiwa sokoni hapa Mitunguu nikirekodi video, jamaa mmoja wa kupakia lori akaniambia, "Wewe na digrii yako! Hiyo kitu siku hizi ni kama ndizi, kila boma iko nayo." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nisionekane nina kiburi.

Lakini hebu tuhesabu. Sensa ya 2019 ilionyesha waliofika chuo kikuu ni kama asilimia 3.5 ya Wakenya. Yaani kwa watu 100, hata 4 hawafiki. Sawa, hapo kuna watoto pia, lakini hata ukiwatoa bado ni wachache. Kanada, zaidi ya nusu ya watu wazima wamemaliza chuo, kiwe kikuu ama cha kati. Korea Kusini, vijana wa miaka 25 hadi 34 ni karibu 7 kwa kila 10. Huko ndiko unaweza kusema zimejaa.

Mbona basi sisi tunaona ni nyingi? Kwa sababu zamani hazikuonekana kabisa. Mwaka wa 1970 nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu cha umma, cha Nairobi. Leo Chuka wako na chao, Meru wako na chao, vyote vilipewa hati 2013. Halafu mwenye digrii akikosa kazi, kijiji kizima kinamwona amekaa steji, na kinajua ni shamba gani liliuzwa alipiwe karo.

Kwa hivyo shida si digrii kuwa nyingi. Shida ni kazi kuwa chache. Tukichanganya hayo mawili tunaumiza watoto. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, na ameanza kuniuliza, "Kwani wewe ilikusaidia na nini?" KCSE ya 2024, kati ya watahiniwa 962,512, waliopata C+ kwenda juu ni 246,391. Robo tu! Akifika hapo, sitaki aachilie nafasi juu ya utani wa sokoni.

Na kama hukufika, hujapotea. Karo yangu ililipwa na ndizi, na mama hajawahi kukanyaga chuo.

Sasa niambie: kwa boma yenu, kuanzia nyanya mpaka wewe, wenye digrii ni wangapi? Hesabu kwanza, ndio useme zimejaa.