Mwili wa Soo Tano

Umeshaiona hiyo video. Kama hujaiona wiki hii, fungua simu, itakuja yenyewe. Land Cruiser imezama hadi mlangoni mahali fulani Kajiado, muziki uko juu. Mbele kuna Prado ya rafiki, kamba katikati. Nyuma kuna vijana saba wanane wa pale kijijini, matope magotini, mikono kwenye bodi. Mwenye gari yuko ndani na kioo amepandisha. Prado inarudi nyuma kidogo, kamba inalegea, halafu dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari linachomoka, watu wanapiga nduru, na chini ya picha kuna maneno kuhusu maisha kuwa safari.

Mimi hula kwa kuandikia watu maneno kama hayo, kwa hivyo najua yanavyotengenezwa. Hakuna mteja anayelipia sentensi isemayo kwamba wale vijana wa nyuma walikuwa wanaweza kufa pale. Basi wacha niiandike hapa bure: kile tunachokiita adventure ni kamari, na kilichowekwa mezani si mwili wa mwenye gari. Ni mwili wa kijana aliyeitwa kutoka barabarani kwa soo tano, ambazo mara nyingi wanagawana.

Sikumaliza chuo, lakini hesabu hii ni ya sekondari. Gari la tani 2.5 likienda kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia mazoezi, lina nishati ya karibu jouli 9,600. Hiyo ni sawa na kuachilia mfuko wa simenti wa kilo 50 kutoka mita 20 juu, ghorofa ya sita hivi. Sasa ongeza mwendo ufike kilomita 20 kwa saa. Nishati haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Mfuko ule ule unatoka karibu mita 80 juu, na KICC yenyewe ina mita 105. Hiyo ndiyo "kukanyaga kidogo tu" ambayo dereva wa Prado anaizungumzia.

Nishati hiyo inaenda wapi? Inaingia kwenye kamba na kwenye vyuma vilivyoishikilia. Mkanda wa nailoni uliotengenezewa kazi hii hunyumbuka, kama sehemu moja ya tano ya urefu wake au zaidi, kisha hujikunja na kulivuta gari taratibu. Ni manati. Mambo yakienda sawa, manati inavuta. Kitu kikikatika upande mmoja, manati inarusha. Na mara nyingi hatari kubwa si kamba yenyewe, ni chuma kilichong'oka nayo: shako, ndoano, kipande cha bampa.

Kibaya zaidi ni lile tufe la chuma la kuvutia trela, lililo nyuma ya pickup nyingi. Liko mahali pazuri, ni la mviringo, kamba inakaa vizuri, kila mtu analiona kama limewekwa kwa ajili ya siku kama hii. Halikuwekwa kwa ajili hiyo. Limetengenezwa kubeba trela inayofuata pole pole, si kupokea mshtuko wa gari lililonaswa. Likivunjika shingo linapita kwenye kioo cha gari kama kwamba kioo hakipo. Australia, nchi ya watu wanaojua kuendesha jangwani kuliko sisi, wamezika watu kwa sababu ya tufe hilo. Sisi bado tunafungia kamba hapo, na mtu amesimama mita mbili pembeni akirekodi.

Halafu kuna zile pete ndogo chini ya magari tunayoagiza kutoka Japani. Nyingi ni za kufungia gari lisiteleze likiwa melini, safari ya kuja Mombasa. Kazi yake iliisha pale bandarini. Anayefunga kamba hapo na kuvuta kwa nguvu anaomba kitu ambacho aliyetengeneza hakuahidi. Ndivyo ilivyo pia na shako isiyo na maandishi. Shako ya kweli imegongwa namba inayosema inabeba uzito gani, kwa mfano tani 4.75 kwa ile ya milimita 19. Isiyo na namba ni chuma tu chenye umbo la herufi D, hata kama mwenye duka wa Kirinyaga Road ameapa kwa jina la mamake.

Najua jibu linalokuja. "Sisi ni Wakenya bana, tunajipanga na kilichopo." Nalipenda hilo jibu mahali pengine. Mtu wa jua kali anayetengeneza jiko kutokana na pipa anajipanga na kilichopo, na jiko likimshinda, hasara ni yake. Mwenye gari la milioni sita anayevuta kwa kamba ya kufungia ng'ombe hajajipanga na kilichopo. Amekuwa bahili, na ubahili wake ameukopesha mguu wa mtu mwingine.

Tena vitu vinavyookoa maisha hapa haviuzwi ghali. Vingine haviuzwi kabisa.

Cha kwanza ni sepetu. Gari likikalia tumbo, matope yakishika chasisi, nguvu ya kulivuta inaweza kuzidi uzito wa gari lenyewe. Ukichimba mbele ya magurudumu na ukaondoa udongo chini ya tumbo, nguvu hiyo inashuka sana, na kamba inapata kazi inayoiweza. Weka mawe, matawi makavu, hata mikeka ya gari chini ya tairi. Nusu saa ya kuchimba inafanya kile ambacho watu wanataka kukifanya kwa sekunde tatu za mafuta. Shida ni kwamba kuchimba hakupendezi kwenye video.

Cha pili ni upepo, yaani kuutoa. Kwenye mchanga, iwe ni mito mikavu ya Kitui au kandokando ya Chalbi, tairi lenye 35 huchimba, lenye 18 hukanyaga. Linalala, linakuwa refu, linabeba gari juu ya mchanga badala ya kulizamisha. Mara nyingi gari linatoka lenyewe, bila kamba, bila kijana. Baadaye unaenda pole pole mpaka upate pampu kabla ya kurudi lami. Gharama: dakika kumi na aibu kidogo.

Cha tatu ni subira. Ule udongo mweusi wa Kitengela, wa Mara, wa Athi, black cotton, hauna adabu ukiwa na maji. Unajaza meno ya tairi yote yakawa laini kama chapati. Lakini jua likipiga siku moja unaanza kushika. Kungoja ni mbinu. Wafugaji wa huko hungoja. Sisi wa Nairobi tuna mkutano Jumatatu asubuhi, na mkutano huo ndio unaomweka mtoto wa mtu nyuma ya gari gizani.

Cha nne ni umbali. Kama lazima kamba ivute, kila asiyeshika usukani aondoke, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba. Kamba ya mita 9, watu mita 14, na wakae pembeni, si mbele wala nyuma ambako kamba inaelekea. Hakuna kuruka kamba iliyokaza. Kama ni kebo ya winchi, tandika koti zito au gunia lenye mchanga katikati yake, ili ikikatika iangushwe chini. Haiondoi hatari yote, lakini inaipunguza. Usifunge fundo. Usiunganishe mikanda miwili kwa shako katikati, kwa sababu umetengeneza risasi: pitisha kitanzi ndani ya kitanzi, uweke gazeti lililokunjwa katikati ili vifunguke baadaye. Mtu mmoja tu atoe ishara, na kila mtu amjue ni nani.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kibali kutoka Afrika Kusini au mkopo wa Sacco.

Lakini umbali ndio unaokataliwa kuliko vyote, kwa sababu Kenya tumezoea kufanya mawili kwa pamoja: lori linavuta mbele, vijana wanasukuma nyuma. Fikiria hiyo picha bila muziki. Gurudumu linazunguka bure, linatupa mawe na matope usoni mwao. Kamba ikikatika, gari linarudi nyuma, na nyuma ndiko waliko. Wakiteleza, wanateleza chini ya gari. Kama kuna gari lingine nyuma yao, wamekuwa nyama katikati ya mkate. Ama mnavuta, ama mnasukuma. Mawili kwa pamoja hayafanywi, hata kama bosi ana haraka.

Watu wa Rhino Charge wanajua haya. Mashindano hayo yalianza 1989 ili kuchangisha pesa za uzio wa Aberdare, na wanaoingia wanaingia wakijua watakwama, na timu zao, vifaa vyao, na mwili wao wenyewe. Ukiamua kuhatarisha shingo yako porini, hiyo ni shingo yako. Ugomvi wangu ni na yule anayetazama picha za hayo mashindano, anakodisha gari Ijumaa, ananunua kofia, halafu timu yake anaiokota kando ya barabara.

Na hiyo timu inakubali, ndiyo. "Wao wenyewe walikuja mbio," utaambiwa. "Vijana wanataka kazi." Bila shaka wanataka kazi. Mtu ambaye hajapata kibarua tangu Jumatatu hatauliza shako imegongwa namba gani. Kukubali kwake si ruhusa ya kumweka mbele ya manati. Tuna sheria ya fidia ya waliojeruhiwa kazini, ya 2007, lakini kijana aliyeajiriwa dakika kumi kwa kupigiwa honi ataanza wapi? Hana mkataba, hana risiti, hajui jina lako. Namba ya gari ilikuwa imefunikwa matope. Akivunjika mguu, utamwachia elfu mbili na pole nyingi, utaingia lami kabla ya giza. Yeye atabaki na mguu, na msimu wa kupanda unaofuata.

Waongozaji wa safari wanaijua hii biashara kwa ndani. Gari likinasa Mara na wageni wana ndege saa nane, anayetambaa chini ya gari akiwa na sare safi ni dereva, na wageni juu wanapiga picha. Akisema "tungojee", anaandikwa kuwa mzembe. Akivuta vibaya na kitu kikapasuka, anaandikwa kuwa mzembe. Kampuni inayouza porini bila kumpa dereva sepetu, mkanda mzuri, na haki ya kusema ngoja, inauza kitu isichomiliki.

Kwa hivyo ninyi wenye magari, sikilizeni bei mpya. Soo tano ni ya kuchimba, kubeba mawe na kukata matawi, na hata hapo ni kidogo. Patana kabla, lipa kila mtu mkononi, halafu waambie wote wasogee mbali kabla kamba haijakazwa. Bei ya kusimama karibu na kamba iliyokaza haipo, usiitaje.

Nanyi mabro wa kando ya barabara, mnaoitwa kwa honi, mna jibu ambalo halihitaji Kizungu: "Tutachimba, hatutasukuma mkiwa mnavuta." Mkilisema wote kwa pamoja, bosi hana la kufanya. Gari ni lake, haraka ni yake, na ndiye aliyekwama. Asiyetaka kungoja jua likaushe matope, apewe sepetu.