Samaki mmoja akioza, si wote waliooza

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa kikapu cha samaki ni kweli. Kwa binadamu ni uongo, na sisi watu wa Nile Magharibi tuliulipia uongo huo kwa damu.

Idi Amin alipoangushwa Aprili 1979, makosa yake walibebeshwa watu wote wa kwao. Bibi wa Koboko aliyekuwa akilima muhogo wake alihesabiwa pamoja na askari. Wengi walikimbilia Zaire na Sudan. Waliobaki hawakusalimika: tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua.

Kwa nini binadamu hufikiri hivyo? Wataalamu wa mageuzi wanatueleza kuwa akili yetu ilijengeka porini. Aliyesikia nyasi zikitikisika akakimbia bure, alipoteza jasho tu. Aliyengoja ushahidi aliliwa na simba. Sisi ni wajukuu wa yule aliyekimbia. Woga wake ulimfaa porini, sokoni unatuponza.

Tazameni biashara zetu. Mteja mmoja wa Ariwara akitoroka na deni, utasikia Wakongo wote ni matapeli. Kumi waliolipa wamesahaulika. Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alionyesha pamoja na mwenzake Amos Tversky kwamba uchungu wa kupoteza shilingi hushinda furaha ya kuipata.

Nayasema haya kwa sababu tangu mwaka 2016, wakimbizi wengi wa Sudan Kusini walipopokewa Bidi Bidi na Rhino Camp, hapa Arua Hill nasikia maneno yale yale tuliyosemwa sisi: hao wote ni wezi, hao wote ni wauaji. Wengine wanaosema hivyo walipewa ardhi na chakula na Wasudani huko Yei na Kajo Keji.

Wapo watakaosema tahadhari ni kinga. Sikatai. Mkopo uandikwe na dhamana itolewe. Lakini mtu adaiwe kwa jina lake, si kwa kabila lake. Ndugu wafanyabiashara, aminini daftari kuliko kichwa: daftari huwakumbuka waliolipa na wasiolipa. Kichwa hukumbuka mwizi peke yake.