Jumba la Ajabu na Jahazi la Jibondo



Katika ufuko wa Jibondo, huku Mafia, tuliwatazama mafundi wakitia kalafati jahazi. Pamba yenye mafuta hushindiliwa katikati ya mbao kabla chombo hakijaingia maji. Jirani tu, kisiwani Juani, yamelala magofu ya Kua, mji ulioshambuliwa na Wasakalava wa Madagaska katika karne ya 19. Jumba la watawala wake limebaki kuta zilizoshikwa na mizizi. Lakini miimo ya mlango iliyochongwa, ambayo wenyeji husema ilitoka Kua, ingali imesimama katika msikiti wa Jibondo, kwa kuwa ilipata watu wa kuitunza.

Hapo tulilikumbuka jumba jingine, Beit al-Ajaib la Zanzibar. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Baadaye likawa ofisi za serikali ya kikoloni, na mwanzoni mwa karne hii likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Waswahili. Mahali palipokuwa pa fahari ya mtawala, mtoto wa mvuvi aliingia akauona mtepe, chombo cha mababu zake kilichoshonwa kwa kamba.

Wapo wanaouliza: ya nini kutunza fahari ya masultani ilhali watu wana shida? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, jumba likishakuwa makumbusho, kinachotunzwa humo ni kumbukumbu yetu sote, ya utukufu na ya machozi ya watumwa pia.

Basi kosa letu liko wapi? Tunadhani jina latosha. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mwaka 2012 sehemu ya jumba ikaporomoka, likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati sisi tukiimba Noeli, upande mkubwa ulianguka katikati ya ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari hii ufa ulidai zaidi ya ukuta.

Kwa maoni yetu, kila jumba linalofanywa makumbusho litengewe fungu la matengenezo la kila mwaka, kabla hata ya kupangwa vitu vya maonyesho. Fundi wa Jibondo hangoji maji yaingie ndipo atafute pamba.

Mungu awapumzishe marehemu hao kwa amani.