Siki hapana
Ndugu mwandishi, hapo uliposhauri kusafisha mashine kuukuu za kunyolea kwa siki nakupinga. Mashine ya kunyolea niliyoachiwa na babu, aliyekata mkonge Korogwe, ni Gillette ya shaba iliyopakwa nikeli. Ukiilaza kwenye siki usiku kucha unaichubua. Mimi hapa Segera nilitumia maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki mkuukuu, basi. Uchafu wote ulijificha kwenye bawaba za vimilango viwili vya juu vinavyofunguka kuweka wembe: povu lililoganda, vinyweleo, kutu ya kijani. Tone moja la mafuta ya cherehani, kifundo cha chini cha kuvifungua kikazunguka. Wenye Gillette za Marekani wachungulie chini ya kichwa. Kwa zilizotengenezwa kuanzia 1951, herufi iliyo hapo huonyesha mwaka wa kutengenezwa. Nyembe? Topaz ya dukani inaingia bila ubishi.